Mtoto kapangiwa shule ya kata? Soma hivi matokeo ya shule kabla hujakimbilia uhamisho

Kila majina ya waliochaguliwa fomu wani yakitoka simu yangu haipoi, wazazi wanaulizia shule walizopangiwa watoto wao, na wengi washaingia kwenye tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani) wakakuta ziro za kutosha, yaani waliofeli, basi wanataka kumhamisha mtoto kabla hata hajashona yunifomu. Tulieni kwanza jamani. Yale matokeo yanasema mengi ila lazima uyasome pamoja na watoto wenyewe, yaani waliingia wangapi, wamebaki wangapi, na wanatokea wapi.

Fungua matokeo ya kidato cha nne (pale yameandikwa CSEE), chagua mwaka, tafuta jina la shule. Usiishie mwaka mmoja, fungua mitatu minne, maana mwaka mmoja unaweza kuwa walimu wawili walihama kwa mpigo na shule ikaanguka. Kuna kijedwali cha divisheni kimegawanywa kwa jinsia, F ni wasichana na M ni wavulana, usije ukaichanganya hiyo F na ile ya kufeli. Divisheni inahesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ina pointi 1 inashuka hivyohivyo mpaka F yenye 5, kwahiyo pointi 7 mpaka 17 ni wani, 18 mpaka 21 tuu, 22 mpaka 25 thrii, 26 mpaka 33 foo, halafu 34 na 35 ndo ziro.

Sasa hapa kwenye foo ndo wazazi tunapigwa. Shule ikisema tumefaulisha asilimia 90 ujue foo imo humo, na foo mtoto anaipata hata kwa D mbili tu huku masomo mengine yote ana F. Nishawahi kukaa kwenye kikao cha wazazi tukapiga makofi kwa asilimia kubwa iliyosomwa pale mbele, nikafungua simu hapohapo nikakuta wengi wao ni foo ya 30 kwenda juu, iliniuma sana kwa sababu najua watoto wale fomu faivu hawaendi. Kwahiyo wewe chukua wani, tuu na thrii, jumlisha, gawanya kwa waliofanya mtihani. Hiyo ndo namba ya kuulizia. Na GPA ya shule, yaani wastani wake wa pointi, ikiwa ndogo ndo nzuri, kwa sababu A ni 1, wengi wanaisoma kinyume.

Ukimaliza hapo njoo kwenye kitu ambacho karibu hakuna mzazi anakifanya. Rudi miaka miwili nyuma ufungue matokeo ya kidato cha pili ya shule ileile, wanaita FTNA, kwahiyo kama unaangalia kidato cha nne 2024 fungua FTNA 2022, maana wengi wao ni walewale. Tuseme walikuwa 210 na kwenye kidato cha nne unakuta 140. Wale 70 wako wapi? Wapo waliokariri kidato cha pili, wapo waliohama, ila wengine wako mashambani, wako kwenye bodaboda, mabinti wako mjini kazi za ndani, na wengine walipata ujauzito. Linganisha wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana, utaona ni upande gani unavuja. Mabinti waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni tangu Novemba 2021, kwahiyo ukifika shuleni uliza waliorudi ni wangapi, jibu lake litakwambia shule ina moyo gani. Mimi kwa upande wangu shule iliyowabakiza watoto 200 ikapata ziro 50 naiheshimu kuliko ile iliyobakiwa na 90 wazuri ikatoa ziro 2.

Alafu usiifananishe shule ya kata na Ilboru, Kibaha, Mzumbe au Kilakala. Zile zinachukua waliofanya vizuri sana darasa la saba kutoka nchi nzima, ya kata inapokea watoto wa vijiji vinavyoizunguka, ambao wengi wamesoma miaka saba kwa Kiswahili na ghafla fomu wani kila kitu kinageuka Kiingereza. Na toka ada ilipofutwa 2016 wanaingia wengi zaidi, jambo jema kabisa, ila madarasa yamejaa. Fananisha na shule ya kata ya jirani yenye watoto wa aina ileile.

Sasa rudi kwenye yale matokeo ya kidato cha nne, shuka chini mpaka jedwali la masomo. Angalia Fizikia na Kemia wamejisajili wangapi, kama shule ina watahiniwa 140 na Fizikia wako 12 basi uliza mwalimu wa Fizikia yupo au anaazimwa. Hisabati usiogope peke yako, mwaka 2022 nchi nzima aliyefaulu ni kama mmoja kati ya watano, ila somo kama Kiswahili likiwa chini hapo kuna tatizo la ufundishaji au la utoro.

Baada ya hapo nenda shuleni, muone mwalimu wa taaluma, muulize kwa adabu waliingia fomu wani wangapi miaka minne iliyopita, walimu wa sayansi wangapi, chakula cha mchana kipo na wazazi wanachangia nini. Majina ya watoto wa watu usiulize, omba idadi tu. Uliza pia wanaotoka mbali wanalala wapi, maana pasipo na hosteli watoto wanapanga vyumba mtaani, geto, wanajipikia wenyewe wakiwa na miaka 14, na mabinti wengi wanapotelea hapohapo.

Kama hosteli hakuna na utamlaza nyumbani, kabla ya kuripoti tembea naye hiyo njia asubuhi, mtoke saa atakayotoka yeye, na muangalie mnafika saa ngapi.