Kikundi chenu kinahitaji hela? Anzeni na jumuiya ya maji au umeme ya hapo hapo kijijini

Vikundi vingi huku Nyanda za Juu Kusini vikipata shida vinawaza mfadhili wa mbali, unakuta akina mama wanaolea yatima Makete au vijana wa mazingira Rungwe wanaandika barua Dar, wanaandika Ulaya, majibu hayarudi, wakati hapo hapo kuna jumuiya ya watumia maji yenye kaya mia kadhaa zinazolipa kila mwezi. Hela ya majirani ni ndogo ila ipo karibu na inafika, mradi mjue kuiomba.

Kwanza niwaeleze hii ya kuchangia mfuko wa jamii kupitia bili inavyofanya kazi kwa wenzetu walioanza zamani. Marekani vijijini umeme mwingi unasambazwa na vyama vya ushirika, yaani mteja ndo mwanachama na ndo mwenye chama. Mwaka 1989 chama kimoja cha South Carolina, Palmetto Electric Cooperative, kilianzisha utaratibu unaitwa Operation Round Up: bili ikija dola 52 na senti 40 unalipa 53, zile senti 60 zinaingia kwenye mfuko wa jamii. Kwa mwezi haiwezi kuzidi senti 99, kwa hiyo mwaka mzima mtu hatoi zaidi ya dola 11 na senti 88, asiyetaka anajitoa, na vyama vingine mamia vimeiga. Mfuko unasimamiwa na bodi ya watu wanaojitolea, tofauti na bodi ya chama, na hela inaenda kwa zimamoto wa kujitolea, vituo vya chakula, maktaba na kadhalika.

Sasa huku kwetu TANESCO sio ushirika na Luku unalipia kabla, hakuna bili ya kujazia, kwa hiyo msiende kwa meneja wa wilaya na hili wazo. Pa kwenda ni kwenye jumuiya za watumia maji (zile CBWSO zilizo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini), au miradi midogo ya umeme wa maji inayoendeshwa na watumiaji wenyewe, kama ule wa Mawengi kule Ludewa uliowekwa mikononi mwa jumuiya ya LUMAMA. AMCOS (ushirika wa mazao) na SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo) nazo zinafaa, tena hao ukisimama kwenye mkutano mkuu wakumbushe kwamba kujali jamii ni kanuni ya saba ya ushirika duniani tangu 1995, sio hisani ya mwenyekiti.

Kama mfuko haupo, pelekeni hoja mkutano mkuu na mpeleke na hesabu. Mfano bili ya maji ni 7,350, mtu analipa 7,500, ile 150 ndo ya mfuko. Mkijaza hadi 500 inayofuata, wastani ni kama 250 kwa kila bili, sasa wateja 400 wakikubali ni 100,000 kwa mwezi na 1,200,000 kwa mwaka. Watu wakiona hivyo ubaoni wanaelewa haraka kuliko hotuba. Ila iwe hiari kabisa, mtu asaini fomu, hela ikae akaunti yake peke yake isichanganyike na hela ya uendeshaji maana ile ni ya koki, mabomba na mafundi na ina masharti yake, na kabla ya kuanza muongee na ofisi ya RUWASA ya wilaya, au kwa ushirika muongee na mrajis msaidizi wa mkoa, muhtasari wa kikao mkononi.

Haya, mfuko upo, mnaombaje? Karatasi ni za kawaida: cheti cha usajili (vikundi vya kijamii mnapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, NGO ni kwa Msajili), katiba, akaunti ya benki ya kikundi, na muhtasari wa kikao mlichokubaliana kuomba, wenye saini za waliohudhuria. Akaunti ya mtu binafsi hapana, hata kama mweka hazina wenu ni mwaminifu vipi.

Barua yenyewe ndo watu wengi wanakosea, wanaandika lugha ya wafadhili, "kuwajengea uwezo", "makundi maalumu", kurasa sita. Anayesoma ni jirani yako, mkulima wa viazi aliyetoa 150 zake kila mwezi, mwandikie yeye. Ukurasa mmoja unatosha: sisi ni nani, tupo kitongoji gani, shida ni nini, tunaomba kiasi gani, tutanunua nini, wanachama watakionaje kwa macho.

Kwenye bajeti msifiche kitu na msijumlishe jumlisha. Usiandike "vifaa vya ujenzi" halafu namba moja kubwa, andika bati geji 28 za mita 3 ngapi, misumari ya bati kilo ngapi, mbao ngapi na za saizi gani, fundi siku ngapi, usafiri wa kutoa mzigo Makambako. Ambatanisha bei za maduka mawili au matatu zenye mhuri. Alafu weka na mchango wenu, mawe, mchanga, nguvu kazi, kila kimoja kikiwa na thamani yake, maana bodi ya majirani inampa kwanza yule ambaye ameshaanza kuchimba msingi. Posho za vikao na nauli za viongozi ziondoeni kabisa, hizo zinaua ombi zuri jamani, watu wanakasirika na wana haki.

Angalieni na muda. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, ukipewa hela ya bati Januari lori halipandi huko juu na tofali zinalowana. Ombeni ili hela itoke Juni au Julai, kumekauka, na watu wakishauza mazao hata bili zinalipwa vizuri kwa hiyo mfuko una kitu.

Mkipewa, kila risiti ibandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo, ya mashine ya EFD kama duka linayo, na picha ya kabla na baada. Ripoti msiishie kuipeleka ofisini, ombeni dakika kumi kwenye mkutano mkuu unaofuata, msomee wanachama senti kwa senti, na bati zikipungua bei chenji irudishwe mfukoni hapo hapo mbele ya watu. Mkinyimwa, ombeni sababu kwa maandishi, rekebisheni, na mrudi awamu inayofuata na barua ile ile iliyonyooshwa.