Somo: Kuyatambua na kuyapiga picha mawingu yang'aayo usiku

Mawingu haya ni ya barafu laini mno, na hukaa kilomita 80 hadi 85 juu ya ardhi, katika mesosfia, tabaka la juu la angahewa. Kwa kimo hicho, jua lililokwisha kutuchwea sisi bado linayamulika.

Hatua ya 1: Msimu. Kaskazini mwa dunia ni mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Agosti. Kusini ni Novemba hadi Februari. Latitudo za 50 hadi 65 ndizo bora.

Hatua ya 2: Saa. Jua liwe digrii 6 hadi 16 chini ya upeo wa macho. Tazama upande lilikozama, au litakakochomoza kama ni alfajiri, na usiangalie juu sana: mara nyingi huanzia chini kabisa.

Hatua ya 3: Hakikisha. Hapa ndipo wengi hukosea. Mawingu membamba ya kawaida hupakwa rangi nyekundu machweo, kisha giza likizidi nayo huwa meusi. Mawingu yang'aayo usiku hufanya kinyume: anga likififia, yenyewe hukolea, meupe yenye ubuluu wa fedha. Ukiwa na mashaka, subiri dakika 20 uyatazame tena. Darubini ya macho mawili pia husaidia sana, maana viwimbi vyake huonekana vimechongeka vizuri.

Hatua ya 4: Kamera. Stendi ni lazima. Anza na f/2.8 au f/4 (upana wa tundu la lenzi), ISO 400 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), na lenzi ibaki wazi sekunde 3 hadi 6. Ukizidisha sekunde, viwimbi vinafutika kwa sababu vinasogea. Zima fokasi ya otomatiki, lenga nyota angavu kwa mkono. Weka saa ya kamera sawasawa. Picha isiyo na saa sahihi haifai kwa vipimo vya kisayansi.

MASWALI

Mwalimu, simu inatosha?
Yakiwa angavu, ndiyo. Iwekee stendi, tumia hali ya usiku, usivute picha karibu.

Kwa nini yanatokea kiangazi ilhali yanahitaji baridi?
Swali zuri. Huko juu mambo yamegeuka: karibu na ncha ya dunia, kiangazi hewa hupanda, hutanuka na kupoa, hadi chini ya nyuzijoto -120. Ndipo mvuke kidogo uliopo hugandia kwenye vumbi la vimondo.

Nikiwa karibu na ikweta je?
Hapana, mwenzangu, mesosfia ya huko haipoi kiasi hicho. Ukiona mzingo mweupe unaong'aa baada ya machweo, huenda ni moshi wa roketi.