Siku tatu za kutembea Idjwi ukitokea Bukavu: anza na safari ya kurudi

Mtu akinipigia simu kuniuliza habari za Idjwi, swali la kwanza huwa ni boti ya kwenda: inatoka saa ngapi, nauli ni ngapi. Mimi humuuliza: na ya kurudi? Wengi hunyamaza hapo. Nimekuwa nikivusha vikundi vya vijana, wanakwaya na familia nzima kwa miaka sasa, na karibu kila shida kubwa niliyoiona ilitokea siku ya mwisho, watu wamechoka, pesa imeisha, ziwa limechafuka. Ndiyo maana ninakuandikia haya nikianzia mwisho.

Kwa asiyekijua, Idjwi ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Kivu, upande wetu wa Kongo. Urefu wake unakaribia kilomita 40, kimelala katikati ya maji, Kalehe ikikitazama kutoka magharibi na Rwanda kutoka mashariki. Ziwa lenyewe liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya kisiwa vinapita mita 2,000. Ukishuka botini, unaanza kupanda. Usije ukitafuta mchanga mweupe na minazi. Utakuta migomba, mikahawa, mashamba ya mananasi na vijia vya udongo mwekundu vinavyokwea kutoka nyumba hadi nyumba.

Hatua ya 1: Uliza kama wiki hii inawezekana

Tangu vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, jambo lililowezekana mwezi jana linaweza lisiwezekane leo. Mimi hupigia watu watatu: anayeishi kisiwani, anayefanya kazi bandarini, na mtu aliyevuka juzi. Wakisema jambo moja, ninaendelea. Wakitofautiana, ninangoja. Mwenyeji akisema "msije kwanza", siendi, hata kama kikundi kimeshalipa. Kwa karatasi, Mkongomani abebe kadi yake ya mpiga kura, mgeni abebe pasipoti yenye viza, na kila mmoja awe na fotokopi mbili ndani ya plastiki.

Hatua ya 2: Chagua mwezi kwa ajili ya njia, si kwa ajili ya likizo

Kiangazi chetu kirefu ni Juni hadi Agosti. Njia zinakauka, na wengi huchagua Julai kwa sababu watoto hawaendi shule. Lakini Julai ina mambo mawili ambayo watu hawaambiwi. Upepo wa kusini unavuma kwa nguvu na kuinua mawimbi, na moshi wa mashamba yanayochomwa unajaza anga hadi milima ya ng'ambo inapotea. Nimepandisha watu hadi kwenye mgongo wa kisiwa mwezi wa saba, tukafika, tukaona weupe mtupu.

Kama unaweza kuchagua, chukua siku za kwanza za Juni, mvua imetoka tu kuosha hewa na njia zimeanza kukauka. Chaguo langu la pili ni Januari, kwenye kile kiangazi kifupi, ingawa utalowa mara moja au mbili. Aprili na Novemba usijaribu na watoto. Udongo mwekundu uliolowa ni kama sabuni.

Hatua ya 3: Panga boti ya kurudi, halafu ya kwenda

Miaka ya mwanzo niliongoza watu kumi na mmoja, na mwenye boti akatuahidi kutufuata saa saba mchana siku ya tatu. Saa saba ikapita, saa tisa ikapita. Upepo ulikuwa umeinuka na hata mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imevutwa nchi kavu. Simu yake haikupatikana. Tulilala kwenye darasa la shule, na mama mmoja wa pale ufukweni, ambaye hatukuwa tumemwambia hata jambo, alitupikia maharage yake mwenyewe, yale aliyoyatunza kwa mbegu. Nilimlipa baadaye, lakini ile sura yake akipima maharage kwa kopo, akiongeza kopo moja, halafu jingine, sijaisahau. Tangu siku ile sivushi mtu bila mambo haya.

Tunarudi asubuhi. Asubuhi ziwa limelala. Baada ya saa sita mchana upepo huwa unaamka, na kwenye kiangazi unaamka na hasira. Boti itoke kisiwani saa moja asubuhi, na ikizidi sana saa mbili. Anayesema "tutarudi jioni tufaidi siku nzima" hajawahi kukaa kwenye boti ndogo mawimbi yakipiga ubavuni.

Nauli tunalipa nusu wakati wa kwenda, nusu tukishakanyaga Bukavu. Ninaweka namba za waendesha boti wawili, si mmoja. Na siku ya kurudi ninaiacha na siku moja nyuma yake: ukitakiwa kazini Jumatatu, rudi Jumamosi.

Sasa jaketi okozi, ile watu wa bandarini wanayoita jile. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, Goma, watu waliokuja kupokea ndugu zao wakitazama. Hatuwezi kuzungumzia safari za ziwani kama vile siku ile haikuwepo. Kwa hiyo usiridhike kuambiwa "jile zipo". Ziangalie moja moja kabla ya siku ya safari. Vuta kamba kwa nguvu uone kama inashika. Finya sponji ya ndani: ikiwa imegeuka ngumu au inavunjika kama mkate mkavu, iache. Mtoto avae ya kipimo chake, na kamba ipite katikati ya miguu, kwa maana jile kubwa humtoka mtoto kichwani majini. Kila mtu aivae akiwa bado nchi kavu. Jile iliyowekwa chini ya mizigo haina kazi.

Mwisho, andika majina ya wote mnaovuka, umwachie mtu Bukavu pamoja na saa mnayotarajia kufika. Boti ikionekana imejaa kupita kiasi, shuka. Aibu ya kushuka inaisha siku hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Gawa pesa katika bahasha tatu

Bahasha ya kwanza ni boti, kwenda na kurudi. Ya pili ni ya watu: kiongozi wa njia, wabeba mizigo, mama anayepika, mahali pa kulala. Ya tatu haiguswi: ndani yake mna usiku mmoja wa ziada kwa kila mtu, na nauli ya boti nyingine. Kama bahasha ya tatu haijajaa, safari haijawa tayari, ngoja mwezi mwingine.

Dola ziwe safi, zisiwe na mpasuko hata mdogo, kwani unajua zinavyokataliwa hapa kwetu. Kisiwani utahitaji faranga ndogo ndogo, na hakuna atakayekurudishia chenji ya dola hamsini kwa mananasi mawili.

Hatua ya 5: Tafuta mwenyeji kabla ya njia

Idjwi si pori. Watu ni wengi sana, na karibu kila kipande cha ardhi kina mwenyewe na kina mazao. Njia nyingi utakazopita zinakatiza mashamba na viwanja vya nyumba. Kusimika hema popote unapopenda ni kulala kwenye muhogo wa mtu.

Kisiwa kina usultani mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, kila mmoja na mwami wake, yaani chifu wa jadi, na makao ya serikali ya teritwari (wilaya) yako Bugarula. Huhitaji kumfikia mwami, lakini kila kijiji kina mkubwa wake. Nenda kwake kwanza. Salimia, sema mmetoka wapi, mko wangapi, mtalala wapi, mtaondoka lini. Dakika kumi na tano hizo zitakufungulia njia zote. Mzee akikukaribisha kiti, kaa. Usizungumze ukiwa umesimama na begi mgongoni.

Kwa kulala, ulizia nyumba za wageni au parokia. Kiongozi wa njia awe mtu wa kijiji hicho hicho, mkubaliane bei ya siku mbele ya mtu mwingine, na chakula chake kiwe juu yenu. Mizigo ibebwe na watu wazima. Watoto watajitolea wakikimbia, wenye uniforme kabisa, warudishe darasani.

Hatua ya 6: Njia yenyewe

Siku ya kwanza usipande. Mmefika, jua la huku juu ni kali kuliko mnavyolihisi, na miguu bado inayumba na boti. Tembeeni saa mbili au tatu kando ya maji, mkizunguka vighuba. Saa kumi na moja jioni kaeni ufukweni mtazame wavuvi wakiondoka: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimening'inia, nyavu katikati, na wapiga makasia wanaimba ili mikono iende pamoja. Wanafuata sambaza, vidagaa vya ziwani. Samaki huyu hakuwepo ziwani kwetu zamani. Aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo hakuna jiko la Bukavu lisilomjua.

Siku ya pili ndiyo ya mlima. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mkivuka kisiwa kutoka ufukwe wa magharibi hadi wa mashariki. Kisiwa ni chembamba, hivyo inawezekana kwa siku moja, lakini usihesabu kilomita. Hesabu saa. Kilomita moja ya kupanda kati ya migomba inaweza kukula nusu saa, na kusalimiana na watu kunakula nusu nyingine, na huwezi kupita bila kusalimia. Mimi hupanga saa saba kwa watu wazima, tisa kukiwa na watoto, na saa sita mchana ikitukuta bado hatujafika juu, tunageuka.

Kabla ya kilele kuna mahali ninaposimamisha kila kikundi, hata wakisema hawajachoka. Geukeni nyuma. Kule magharibi, juu ya Kalehe, asubuhi iliyo safi mnaiona Kahuzi, mita 3,308, na Biega pembeni yake, milima iliyoipa mbuga jina. Mkifika juu, mashariki inafunguka: maji, visiwa vidogo, vilima vya Rwanda. Ukiwa kaskazini ya kisiwa na hewa ikiwa imeoshwa na mvua, Nyiragongo, volkano ya Goma, nayo inaonekana, na kuna usiku ambapo moto wake unapaka mawingu rangi nyekundu. Watu wa Goma wanaokuja nami hutulia sana wanapouona kwa mbali namna hii, hasa waliokimbia ulipolipuka mwaka 2002 na tena 2021.

Kushuka ndiko kunakoumiza magoti. Kila mtu awe na fimbo, kiongozi atawakatia. Shukeni kwa hatua fupi, kisigino kwanza.

Siku ya tatu ni nyepesi: kahawa, mananasi, kuoga, kupumzika. Mtarudi asubuhi ya siku inayofuata.

Hatua ya 7: Mzigo

Viatu vilivyokwisha kutembea nawe, si vipya. Sweta, kwa sababu usiku ni baridi. Kofia, koti la mvua, chandarua, tochi, dawa zako, chumvi na sukari za kuchanganya na maji mtu akiharisha. Simu kwenye plastiki inayofungwa. Basi. Begi lisizidi kilo nane.

Hatua ya 8: Maji na kuoga

Usinywe maji ya ziwa, hata yakionekana kama kioo. Kipindupindu tunakijua vizuri pande hizi. Chemsha hadi yatokote sawasawa, au tumia vidonge vya kusafishia, na nawa mikono kabla ya kula kwenye sahani moja.

Kuoga ni raha kubwa, na mamba hakuna. Hatari ni kina: ziwa linafika karibu mita 480, na sehemu nyingi hatua tano kutoka ufukweni chini panakatika ghafla. Asiyejua kuogelea aoge na jile. Na ninyi mnaotoka Goma, mkipumzika njiani upande wa Sake, msilale wala kusimika hema kwenye mashimo na mabonde madogo. Mazuku, gesi ya sumu inayotoka ardhini, hainuki, haionekani, na hukaa chini kabisa, pale ambapo mtoto au mbuzi huanza kuanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama kuhisi lolote.

Chakula mwagizieni mama usiku uliotangulia, pamoja na pesa ya soko, ili alfajiri awahi mitumbwi inaporudi. Sambaza wa asubuhi, wakakaangwa hadi mkia unalia mdomoni, na bugali ya muhogo na sombe (majani ya muhogo) pembeni: hiyo ndiyo sababu nusu ya watu wangu hurudi.

Hatua ya 9: Usiku wa mwisho

Saa mbili usiku mpigie mwenye boti. Asipopokea, mpigie wa pili saa hiyo hiyo, usingoje kukuche. Lipa kila deni la kisiwani usiku huo, kwani alfajiri kutakuwa na haraka na mtu atasahauliwa. Mfuateni mkubwa wa kijiji, mkamuage.

Saa kumi na mbili muwe ufukweni. Tazama maji: yakiwa na vichwa vyeupe tayari saa hiyo, fungueni bahasha ya tatu mkalale tena. Yakiwa yametulia, vaeni jile, mananasi yawekwe chini kabisa ya boti na si juu ya mizigo, na uhesabu watu kwa majina, ukisoma ile karatasi. Mkifika Bukavu, kabla hata ya kushusha mizigo, mpigie yule uliyemwachia orodha umwambie mmefika wote.