Somo: Jeli inayowaka buluu kunasa kimeng'enya cha E. coli

Wakuu, leo tunatengeneza haidrojeli ya kunasa glukuronidesi, kimeng'enya walichonacho bakteria wengi wa E. coli, wakaao utumboni. Ndani ya jeli tunaweka chambo kiitwacho MUG: rangi iliyofungwa kwenye kipande cha sukari. Kimeng'enya kikikata kifungo, rangi inakuwa huru, na ukiimulika kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365 inawaka buluu.

1. Tia gramu 0.1 za agarosi (unga wa mwani unaogandisha jeli) kwenye mililita 10 za bafa ya fosfeti (mmumunyo unaozuia pH isibadilike), pH 7. Chemsha hadi punje zote zipotee.

2. Yeyusha miligramu 3.5 za MUG kwenye maikrolita 100 za kiyeyushi kiitwacho DMSO.

3. Jeli ikipoa hadi nyuzi 50 hivi, chupa ikishikika bila kukuunguza, ongeza maikrolita 50 za MUG. Zungusha taratibu, usitikise, mapovu yatakusumbua. Mimina kwenye sahani ya petri upesi. Ikikaribia nyuzi 36 inaganda.

4. Toboa vishimo kwa mrija safi wa soda. Kila kimoja maikrolita 20: sampuli unayopima (mfano maji), bafa tupu, E. coli unaowajua, na sampuli ileile iliyochemshwa dakika 10. Hicho cha mwisho ndicho kitakachokuambia kama buluu ni ya kimeng'enya au ya kitu kingine.

5. Funika, nyuzi 37, saa moja. Kisha dondoshea kila kishimo maikrolita 20 za sodiamu kaboneti ya molari 0.2, kwani rangi hii huwaka vizuri kwenye alkali. Vaa miwani, zima taa za chumba, mulika.

Sahani iweke juu ya kitambaa cheusi. Mara ya kwanza niliiweka juu ya karatasi nyeupe, nikashangilia buluu ya karatasi yenyewe!

Maswali yenu, na majibu yangu:

Mkuu, niliiacha usiku kucha, sahani nzima ikawa buluu.
Rangi ni molekuli ndogo, inasambaa ndani ya jeli. Soma ndani ya saa mbili.

Isipowaka, maji ni salama?
Hapana. O157:H7, aina hatari kabisa ya E. coli, kwa kawaida haiwashi MUG.

Nimesaga chaza, ikawaka sana. Wamechafuka?
Huwezi kujua, ndugu. Chaza wana glukuronidesi yao wenyewe. Na kishimo cha kuchemsha hakikuokoi hapo, moto unaua vimeng'enya vyote viwili, cha chaza na cha bakteria. Otesha bakteria kwanza, kisha pima koloni mojamoja.