Jinsi ya kueleza chipi ya flashi katika mti wa vifaa wa Linux

Njia za kuunganishia vifaa kama PCI na USB zina utaratibu wa kuhoji vifaa vilivyochomekwa, na kwa hiyo kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, huvigundua yenyewe. Njia ya SPI, ambayo hubeba chipi ndogo ya flashi (kumbukumbu isiyopotea umeme ukikatika) kwenye ruta, kamera na vidhibiti vya viwandani, haina utaratibu huo. Kerneli haina budi kuelezwa kwa maandishi ni kitu gani kimeunganishwa na kiko wapi, na maandishi hayo ndiyo mti wa vifaa (device tree). Mwongozo huu unahusu flashi ya aina ya NOR, na unafuata kanuni moja: andika lile ambalo chipi haiwezi kujisemea, mengine iachie yenyewe.

Tuchukue bodi yenye chipi ya Winbond W25Q128, yenye ukubwa wa MiB 16:

```
&spi0 {
    status = "okay";

    flash@0 {
        compatible = "jedec,spi-nor";
        reg = <0>;
        spi-max-frequency = <50000000>;

        partitions {
            compatible = "fixed-partitions";
            #address-cells = <1>;
            #size-cells = <1>;

            partition@0 {
                label = "kuwashia";
                reg = <0x0 0x80000>;
                read-only;
            };
            partition@80000 {
                label = "mipangilio";
                reg = <0x80000 0x10000>;
            };
            partition@90000 {
                label = "mfumo";
                reg = <0x90000 0xf70000>;
            };
        };
    };
};
```

Anayeanza kazi hii hushawishika kuandika jina kamili la chipi katika `compatible`, sifa inayotaja aina ya kifaa. Mara nyingi hakuna haja. Ukiandika `jedec,spi-nor`, kerneli hutuma amri ya 0x9F na chipi hujibu kwa baiti za utambulisho. W25Q128 hujibu `ef 40 18`, na baiti ya kwanza humtaja mtengenezaji. Chipi nyingi za sasa hubeba pia jedwali la SFDP, lililowekwa na kiwango cha JESD216, linaloeleza ukubwa wake na amri zake za kufuta. Kwa hiyo kiwanda kikilazimika kuweka chipi ya mtengenezaji mwingine yenye ukubwa uleule, faili halihitaji kuguswa, mradi kerneli inaitambua chipi hiyo.

Katika nodi ya chipi, `reg` haitaji anwani ya kumbukumbu bali namba ya waya wa kuchagulia chipi, na lazima ilingane na namba iliyo baada ya alama ya @. Kasi huandikwa kwa hezi. Hapa ni MHz 50. Usinakili tu kasi ya juu kabisa iliyo kwenye karatasi ya maelezo ya chipi, kwa sababu kidhibiti cha SPI na urefu wa nyaya za bodi navyo vina ukomo wake. Vivyo hivyo, `spi-rx-bus-width = <4>` huongezwa pale tu ambapo nyaya zote nne za data zimeunganishwa kweli kwenye bodi, hata kama chipi yenyewe inaziweza.

Mgawanyo wa sehemu ndio unaostahili uangalifu zaidi, kwa kuwa chipi haina namna yoyote ya kuujua. Namba ya kwanza katika `reg` ya kila sehemu ni mwanzo wake, ya pili ni ukubwa wake, si mwisho wake. Flashi hufutwa kwa bloku nzima, kwa kawaida ya KiB 64, yaani 0x10000 kwa namba za msingi wa 16, ingawa chipi nyingi hukubali pia KiB 4. Sehemu inayoanza au kuishia katikati ya bloku ya kufuta hulazimishwa na kerneli kuwa ya kusomwa tu, na kinachoonekana ni onyo moja katika taarifa ambazo kerneli huandika wakati wa kuwasha. Ukipanga kila mpaka kwa kigawe cha 0x10000 utakuwa salama. Kumbuka pia kwamba `read-only` ni agizo kwa kerneli pekee. U-Boot, programu ya kuwashia inayotangulia kerneli, bado inaweza kufuta sehemu hiyo, na ulinzi wa kweli unatokana na biti za ulinzi na pini ya chipi ya kuzuia uandishi.

Chipi inayozidi MiB 16 huhitaji anwani za baiti nne. Bodi ikiwashwa upya bila chipi kurejeshwa katika hali yake ya mwanzo, prosesa inayosoma kwa baiti tatu hukwama. Sifa ya `broken-flash-reset` huitaarifu kerneli kuhusu kasoro hiyo ili irudishe chipi kwenye baiti tatu wakati wa kuzima kwa utaratibu. Bodi ikijiwasha upya ghafla, kerneli haipati nafasi ya kufanya hivyo, na dawa kamili ni kuunganisha waya wa kurejesha chipi.

Kabla ya kuwasha, endesha `make dtbs_check`, ambayo hulinganisha faili lako na kanuni rasmi za kerneli. Baada ya kuwasha, soma `/proc/mtd`: ukubwa wa kila sehemu na wa bloku ya kufuta huonyeshwa kwa namba za msingi wa 16, tayari kulinganishwa na ulichoandika. Kerneli ikilalamika kwamba haitambui utambulisho, na baiti zote ni `ff` au `00`, usianze kubadili `compatible`; kagua kwanza pini za SPI, umeme wa chipi na namba ya waya wa kuchagulia. Baiti zikiwa na sura ya kueleweka lakini hazitambuliwi, huenda kerneli yako ni ya zamani kuliko chipi.