Kujiandaa kwa Baridi na Giza Unaposafiri Peke Yako Ziwani Victoria

Anayeondoka Dunga, Kisumu, jioni akiwa peke yake katika mashua ya tanga asidanganywe na joto la mchana, kwa kuwa ziwa liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku upepo hugeuka ukavuma kutoka nchi kavu. Aliyelowa ndiye huumia zaidi. Acha fulana ya pamba, ambayo ikilowa hung'ang'ania mgongoni na kukutia baridi. Vaa sweta ya sufu, juu yake koti la mvua, kisha jaketi la kuokolea maisha, ambalo halivuliwi hata ziwa likitulia. Nguo kavu zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Uji wa moto nao usikose.

Giza, kwa maoni yangu, ndilo gumu zaidi. Macho huchukua takriban dakika 30 kulizoea, na mwanga mweupe wa simu huharibu kazi hiyo mara moja. Kwa hiyo funika tochi kwa plastiki nyekundu unaposoma dira. Tochi nyingine kali iwe karibu, uwamulikie wenye injini wanaokukaribia. Kabla jua halijatua, shika kila kamba ukiwa umefumba macho mpaka mkono uijue mahali pake. Usielekeze mashua kwa kufuata taa za wavuvi wa omena, kwani nazo husogea. Magugu maji hayaonekani usiku, basi punguza mwendo. Ukiona umeme ukimulika mbali, kunja tanga mapema: dhoruba za usiku ni za kawaida humo, nawe huna wa kukushikia usukani.