Somo: Jinsi Protini Zilizoharibika Zinavyopita Kutoka Seli Moja ya Ubongo Hadi Nyingine

Wanachama wengi, hasa wauguzi na wanafunzi wa tiba wa hapa Uganda, wameuliza kwa nini Parkinson na Alzheimer huanzia sehemu moja ya ubongo kisha zikaenea. Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, shikeni jambo moja: kinachohama ni umbo, wala si kijidudu.

Hatua ya 1: Umbo kuharibika. Alfa-sinukleini ni protini ya kawaida katika ncha za seli za neva. Ikikunjika vibaya hugeuka kalibu, kwani kila protini nzima inayoigusa hulazimika kufuata umbo lile, hadi zikajipanga kuwa nyuzi. Tau, protini nyingine ya seli za neva, hufanya vivyo hivyo katika Alzheimer.

Hatua ya 2: Kutoka. Nyuzi hukatika, na vipande hutoka seli inapokufa, au vikiwa ndani ya vifuko vya utando ambavyo seli hai huvimwaga nje.

Hatua ya 3: Kuingia. Vipande hunasa kwenye heparani salfeti, minyororo ya sukari iliyo juu ya seli jirani, utando ukajikunja na kuvimeza. Vilitakiwa kusagwa ndani ya laisosomu, yaani vifuko vya seli vya kusagia taka, lakini baadhi hupasua kifuko na kuvuja, navyo hukutana na protini nzima za seli hiyo. Hapa ndipo penye kiini cha somo: panya wasiotengeneza alfa-sinukleini, hata wakidungwa nyuzi hizo ubongoni, hawapati marundo yake, kwa sababu kalibu imekosa cha kufinyanga.

Kwa binadamu, ushahidi ninaouona kuwa mzito zaidi ulitolewa mwaka 2008, pale seli za vijusi zilizopandikizwa katika ubongo wa wagonjwa wa Parkinson zaidi ya miaka 10 kabla zilipokutwa na marundo yaleyale, ingawa zenyewe zilikuwa bado changa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi ndiye ninayemlisha na kumwogesha mzee wangu mwenye Parkinson. Je, nitaambukizwa?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, hakuna ushahidi kwamba kumhudumia mgonjwa huambukiza. Kuru ya Papua New Guinea ni habari nyingine: ni ugonjwa wa prioni, yaani protini iliyokunjika vibaya inayoweza kuambukiza, na watu waliupata kwa kula maiti za jamaa zao katika mazishi.

Swali: Na watoto wetu wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda, wenye ugonjwa wa kutikisa kichwa?

Jibu: Mwaka 2018 watafiti waliripoti kukuta marundo ya tau katika ubongo wa marehemu wa Uganda waliokuwa na ugonjwa huo. Hata hivyo, kuikuta tau hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoanzisha, maana ugonjwa huo umehusishwa pia na minyoo ya upofu wa mtoni, na tau huweza kujikusanya baada ya ubongo kuumia. Mtoto asikatishiwe dawa za kifafa kwa ajili ya habari hii.

Swali: Kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, haziwezi kuvinasa vipande njiani?

Jibu: Zinaweza kuvifikia vikiwa nje ya seli, lakini vilivyo ndani ya vifuko vimejificha. Kingamwili kadhaa dhidi ya tau zimeshajaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer bila kupunguza kasi ya ugonjwa.